Eti Lincoln Ilichelewa Vita?

Kuna sentensi imenikalia rohoni wiki tatu sasa. Utaipata kwenye vitabu vya ndege, kwenye video za wale wazee wa kupenda injini, na sasa nimeipata hadi kwenye mchezo wa kutafuta vikopo vichakani: eti ndege inayoitwa Avro Lincoln ilichelewa vita. Ilifika kila kitu kikiwa kimeisha, haikupigana, pole yake. Wanaiongelea kama msee aliyekuja harusi akapata sufuria zimeshaoshwa.

Mimi nasema zii. Hiyo sentensi ni uongo wenye adabu. Na kama uko na shosho Nyeri, Murang'a, Kirinyaga ama upande wa Nyandarua, muulize kwanza kabla hujaniambia nimeanza tena.

Ngojeni niwaeleze mchezo, juu najua nusu yenu hamjawahi kuusikia. Unaitwa jiokeshi. Mtu anachukua chombo, labda kale kachupa ka filamu ya kamera za zamani, labda kopo la plastiki la chakula, labda lile sanduku la chuma la kubebea risasi za jeshi likiwa tupu (wanalipenda sana hilo, halipitishi maji), anaweka ndani kadaftari na penseli, anakificha mahali, halafu anachapisha nambari za GPS za hapo. Wewe unafuata nambari na simu yako. Ukikaribia, GPS haikusaidii tena, inakuacha ndani ya mita chache, sasa ni wewe na macho yako na mizizi ya mti. Ukipata unaandika jina na tarehe, unakirudisha vile ulivyokikuta, unaenda zako. Ukitoa kakitu ndani unaacha kingine cha thamani hiyo ama zaidi. Kuzika chini ya ardhi hairuhusiwi. Hakuna doo, hakuna kombe, na bado kuna vikopo zaidi ya milioni tatu duniani. Manze, watu wako na wakati.

Na ujue mchezo wenyewe ulizaliwa jeshini. GPS ni mtambo wa jeshi la Marekani. Kwa miaka mingi raia walikuwa wanapewa signali iliyopotoshwa makusudi, ukitafuta mahali unaweza kukosea hadi mita mia moja. Tarehe 2 Mei 2000 hiyo hila ilikuwa imezimwa. Tarehe 3, jamaa anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo kule Oregon akawaambia watu waitafute. Siku moja tu! Mwanajeshi amefungua mlango, raia ameshaingia na ndoo.

Sasa kuna watu hawatosheki na kopo moja. Wanaficha ishirini, thelathini, kwenye njia moja ya kutembea inayozunguka mashamba na kurudi ulikoegesha gari. Sheria ni kwamba kopo na kopo ziachane angalau mita 161. Mzunguko wote unapewa mada, na mada moja inayopendwa sana Uingereza ni ndege za Vita Vikuu vya Pili. Kopo la kwanza linaitwa Spitfire, la pili Hurricane, linafuata Wellington, Mosquito, Lancaster, hivyo hivyo. Kila moja lina maelezo yake: nani alitengeneza, injini gani, ilibeba nini, ziliundwa ngapi. Kwenye kifuniko cha kila kopo kuna tarakimu moja imeandikwa kwa kalamu. Ukizikusanya zote unapiga hesabu, unapata nambari za mahali lilipo kopo la mwisho, la bonasi. Hiyo ni akili. Nakubali.

Binamu yangu anafanya kazi ya kutunza wazee huko Lincolnshire, na siku zake za mapumziko ameingia kwenye huu mchezo mzima mzima. Ananipigia simu ya video akiwa kwenye matope, mimi niko Nairobi na bando ya saa moja, tunatafuta kopo pamoja. Nimeshaona Uingereza yote kwa usawa wa goti la binamu yangu. Kwa hivyo mtu asije kusema naongea kitu nisichokijua.

Na asije pia kusema nachukia. Lincolnshire ndiko kulikojaa viwanja vya ndege za mabomu wakati wa vita vile, mpaka leo inajulikana kama kaunti ya ndege za mabomu. Katika kikosi chao chote cha mabomu walikuwako watu kama 125,000 wa kuruka, na waliokufa ni 55,573. Hiyo ni karibu nusu. Vijana wa rika langu, wengine wadogo kuliko mimi, wanapanda ndege jioni wakijua hesabu haiko upande wao. Mtu akitaka kuficha kopo chini ya mti kando ya uwanja uliogeuka shamba la ngano, aandike jina la ndege iliyoondoka hapo ikakosa kurudi, mimi ni nani wa kumkataza? Ni kumbukumbu ya miguu. Ni bora kuliko sanamu, juu sanamu unapita nayo ukiwa kwa matatu na hata huinui kichwa.

Shida yangu ni mahali wanapokata hadithi.

Lincoln ni nini? Ni Lancaster iliyorefushwa mabawa na kuongezwa nguvu. Kampuni ni ile ile, Avro. Ilipokuwa inachorwa iliitwa hata Lancaster Mark IV. Iliruka mara ya kwanza Juni 1944, ikaingia vikosini 1945 Hitler akiwa ameshakufa. Hapo ndipo wanafunga kitabu. Na jina ni la mji mkuu wa kaunti hiyo hiyo anakoishi binamu yangu. Kwa hivyo kwenye njia ya kutembea ya Lincolnshire, ndege yenye jina la nyumbani ndiyo inapata maelezo mafupi kuliko zote: ilichelewa.

Haya. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari Kenya. Msitu wa Aberdare na ule wa Mlima Kenya ukawa eneo lililopigwa marufuku, ukionekana ndani unapigwa risasi bila kuulizwa jina. Mwaka 1953 wakaanza na Harvard. Harvard ni ndege ya kufundishia marubani. Fikiria lile gari la shule ya udereva lenye herufi L nyuma. Sasa lifunge bunduki na vibomu vya ratili ishirini hivi, ndiyo hiyo. Zilikuwa zinaruka kutoka Mweiga, hapo juu ya Nyeri mjini, ukienda Nyahururu unapita. Msitu ukaonekana mkubwa kuliko Harvard. Novemba mwaka huo zikaja Lincoln. Zilikaa Eastleigh, na si Eastleigh ya maduka unayoijua, uwanja ule wa ndege ambao leo ni wa jeshi letu. Zikawa zinabeba mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000. Ratili 1,000 ni kama kilo 450. Bomu moja, uzito wa ng'ombe mzima, unaangushwa kwenye mianzi ambako kuna watu wamejificha na bunduki za kujitengenezea kwa bomba la maji na kitasa cha mlango.

Vikosi vilikuwa vinabadilishana zamu kutoka Uingereza, hiki kikiondoka kingine kinaingia. Ndege nyingine ndogo zilikuwa zinamwaga karatasi za kuambia watu wajisalimishe, nyingine zina vipaza sauti, zinazunguka juu ya miti zikihubiri. Kufikia 1955 Lincoln zikaondolewa.

Sasa niambie. Hiyo ndege ilichelewa vita gani?

Jibu lao unalijua hata kabla hawajalitoa: ile ya Kenya haikuwa vita, ilikuwa dharura. Na hapo ndipo ujanja uko. Wakiita vita, walioko msituni wanakuwa wapiganaji, wafu wanakuwa wafu wa vita, ndege inakuwa ndege ya vita na inapata kopo lake zima na maelezo yake marefu. Wakiita dharura, inakuwa ni kama moto umewaka jikoni na watu wa zimamoto wamekuja. Hivyo ndivyo unavyoweza kuangusha bomu la kilo 450 na bado uandikwe kwamba hujawahi kupigana.

Shosho yangu alikuwa msichana wa miaka kama kumi. Mwaka 1954 walihamishwa kwa nguvu wakatiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa. Wakikuyu zaidi ya milioni moja walipelekwa hivyo. Kando ya msitu wa Mlima Kenya watu walichimbishwa mtaro wa kama kilomita 80, wengi wao akina mama, kwa jembe, bila malipo, ili walioko ndani wasitoke na chakula kisiingie. Ukimuuliza shosho kuhusu mabomu, hakuelezi mlipuko wala moto. Anakueleza vyombo. Mamake alikuwa akisikia mngurumo anashusha vyungu vyote chini kutoka kwa rafu, anavipanga sakafuni, halafu ndio anakaa.

Siku moja nilikuwa kwake, binamu akapiga simu akiwa kwa njia yake ya vikopo. Katikati ya maongezi akainua simu juu ghafla, "Ona, ona, hiyo ni Lancaster!" Ziko mbili tu duniani ambazo bado zinaruka, moja Kanada na nyingine ni hiyo, inakaa Coningsby, Lincolnshire. Injini nne za Merlin. Lincoln pia ilikuwa na Merlin nne. Picha haikuonekana poa lakini sauti ilikuja safi. Shosho alikuwa anachambua maharagwe kwa uteo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Hiyo haikuwa moja. Zilikuwa zinakuja tatu tatu."

Sikumwambia ni nini. Hakuwa ameona skrini.

Wacha nikae kidogo kwa hiyo Lancaster, juu iko na stori ambayo wanaopiga picha hapo chini wengi hawaijui. Nambari yake ni PA474. Iliundwa 1945 ipelekwe kupigana na Japani, vita vikaisha kabla haijaenda. Yaani na yenyewe ilichelewa, kwa lugha yao. Ilifanya nini basi? Ilitolewa bunduki, ikawekwa kamera, ikapewa Kikosi nambari 82, ikaletwa Afrika Mashariki na Kusini kupiga picha za ardhi kutoka angani. Kikosi hicho kilipiga picha makoloni, Kenya ikiwemo, ramani zichorwe.

Hapo roho yangu ilishtuka kibinafsi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya upimaji ardhi, karo ndiyo ilinimaliza, tusiingie huko. Lakini kabla sijatoka nilishinda miezi na zile ramani kubwa za karatasi, za kipimo cha moja kwa elfu hamsini. Pembeni chini, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, utaona ikiwa imeandikwa kwamba picha za angani zilipigwa na RAF. Tulikuwa tunapita hapo haraka kwenda kwa mistari ya mwinuko. Hakuna aliyewahi kutusimamisha atuambie: hawa walioruka juu ya shamba la babu yako na kamera, miaka michache baadaye wenzao walirudi na mabomu, na ramani ilikuwa tayari.

Halafu mtu ananiambia nambari za GPS ni nambari tu.

Na si Lincoln peke yake. Chukua hata kopo la Spitfire, mpenzi wa kila mtu. Wakati wa vita bei iliyotangazwa ya Spitfire moja ilikuwa pauni 5,000, watu wachange, ndege ipewe jina lao. Makoloni yalichanga. Ndiyo maana kulikuwa na Kikosi nambari 72 cha Basutoland, ambayo leo ni Lesotho. Nambari 91 cha Nigeria. Nambari 249 cha Gold Coast, yaani Ghana. Mfugaji wa kondoo wa Basutoland, nchi ya baridi na mawe, ametoa chake ili anga ya London ilindwe. Kwenye maelezo ya kopo utasoma urefu wa mabawa na kasi ya juu kabisa. Mfugaji haonekani. Simwombei mnara. Mstari mmoja tu kwenye kadi ya ndani ungetosha.

Najua watakaokuja kwa maoni. Wa kwanza: "Ni mchezo tu, buda, usilete siasa." Kama ni mchezo tu, si wangeviita majina ya mboga? Kopo la kabichi, kopo la karoti, watu watembee wapate hewa. Walichagua ndege za vita kwa sababu zinawagusa, kwa sababu kuna babu ya mtu ndani ya ile ndege. Mimi pia nina shosho chini ya ile ndege. Tuko kwa stori moja, isipokuwa mmoja wetu ameandikiwa kifuniko na mwingine ameambiwa asilete siasa.

Wa pili: "Uingereza ilishaomba msamaha, walilipwa." Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Hiyo ilikuwa ya mateso, ya kambini, na ilipatikana baada ya wazee kwenda mahakamani wakiwa na mkongojo. Gawanya hizo pesa uone kila mmoja alipata ngapi, ni darasa la nne hiyo. Na mabomu ya msituni hayakuwa kwa ile hesabu.

Kuna jambo lingine siwezi kuliacha. Raha yote ya jiokeshi ni nini? Ni mtoto kuona kitu kinang'aa kwenye nyasi na kukikimbilia. Nimemwona kwa simu ya binamu mtoto wa miaka sita hivi akitoa lile sanduku la risasi chini ya daraja la mbao, babake anapiga makofi. Ndani kulikuwa na kadaftari na kigari cha plastiki. Sasa toka hapo uende Archer's Post na Dol Dol, mahali jeshi la Uingereza limefanya mazoezi miaka na mikaka. Huko watoto Wasamburu na Wamaasai wakichunga mbuzi pia waliona vitu vya chuma kwenye nyasi. Pia walivikimbilia. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 233, waliojeruhiwa na familia za waliouawa na mabomu yaliyoachwa bila kulipuka. Hayakuwa mabomu ya Lincoln, sichanganyi mambo, yalikuwa masalio ya mazoezi ya ardhini. Lakini ni nchi ile ile, na ni sanduku lile lile la risasi. Kwao limekuwa toi.

Lakini sitawaonea peke yao, juu sisi tuko wapi?

Vikopo vya Kenya nimevifungua kwenye programu kimoja kimoja. Vingi nilivyovisoma vimefichwa na watu waliokuwa wanapita: mtalii, mfanyakazi wa shirika, mwanafunzi wa kubadilishana. Maelezo ni twiga na machweo. Nilipouliza mbogi fulani ya kupanda milima ya huku Nairobi kama tunaweza kutengeneza msururu wetu, jibu lilikuwa "hiyo ni vitu za wazungu." Msee, umevaa viatu vya kupandia milima vya elfu kumi na mbili, umebeba fimbo mbili za alumini, unapanda mlima ambao babu yako alipanda akikimbia bomu, na kitu cha wazungu ni kadaftari?

Shule nayo ilitufundisha nini? Taja sababu tano zilizofanya Mau Mau kushindwa. Tukakariri tano, tukaandika tano, tukatoka nje ya chumba cha mtihani tukaziacha hapo mlangoni. Nimekaa nikajaribu kukumbuka kama kuna siku mwalimu alitaja ndege. Unajua kwa nini ningekumbuka? Kwa sababu nilikuwa mtoto wa kiume wa miaka kumi na sita. Ungenitajia ndege yenye injini nne juu ya Nyeri, ningeacha kulala darasani.

Na ndege za vita tunazo, hatujakosa. Nenda Maktau, Taita Taveta. Ndege za Waingereza zilikuwa hapo tangu 1915, za mbao na kitambaa, zikichungulia Wajerumani upande wa Taveta. Nairobi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kumi na sita tu. Nenda Wajir: Juni 1940, siku chache baada ya Italia kuingia vitani, ndege zake zikapiga uwanja wa huko mabomu. Nenda Malindi: Oktoba mwaka huo huo Waitaliano wakaipiga mabomu kutoka angani, na leo Malindi ukitembea unasalimiwa "ciao" na watoto wa mtaa na pizza ndiyo chakula cha wenyeji. Hiyo peke yake si kopo, hiyo ni sinema.

Roald Dahl, yule aliyeandika vitabu vya watoto, alijifunza urubani hapa Nairobi mwisho wa 1939, kwenye Tiger Moth, akitokea Dar es Salaam alikokuwa anauza mafuta. Soko la Burma, mnakokula nyama, jina lake lilitoka kwa askari wa KAR waliorudi kutoka Burma, na mwaka 1944 kule bonde la Kabaw, kwenye matope ya masika ya Asia, chakula chao kilikuwa kinaangushwa na Dakota. Dakota ni ndege ya mizigo, haina bunduki, hakuna mtu anaipigia makofi. Lakini uliza aliyekaa siku tatu bila unga akiisikia inakuja.

Halafu kuna ile ninayoipenda kuliko zote, ya Novemba 1917. Wajerumani walituma puto kubwa la chuma na gesi, Zeppelin L59, kutoka Bulgaria liletee jeshi la Lettow-Vorbeck risasi na dawa huku Afrika Mashariki. Likavuka bahari, likavuka jangwa, likafika juu ya Sudan, likaitwa kwa redio lirudi. Likarudi. Saa 95 angani, kilomita zaidi ya 6,700, bila kutua, na halikumfikishia mtu hata plasta. Hilo nataka liwe kopo ambalo ukifungua, ndani hakuna kitu. Kadaftari tu.

Sasa, kuna swali moja la maana kati ya yote niliyoulizwa, na lilitoka kwa dadangu: ukificha sanduku chini ya mti Nairobi, si watu wataona ni bomu? Ni kweli. Sisi ni watu wa 1998, ni watu wa Westgate. Kopo lisilo na mwenyewe hapa si mchezo. Hata kwao imetokea: mwaka 2011 pale Wetherby, Uingereza, kikopo cha jiokeshi kilifunga barabara na wataalamu wa mabomu wakakilipua. Kopo la plastiki na kadaftari! Kwa hivyo yetu yatakuwa ya plastiki inayoonyesha ndani, yameandikwa nje ni nini na nambari ya simu ya kupiga. Hakuna kopo karibu na stesheni, daraja, shule, kanisa, msikiti ama kambi ya jeshi. Hakuna kopo bila ruhusa ya mwenye ardhi, na chifu ajue. Eastleigh hatuweki chochote, uwanja ule ni wa jeshi, msinitafutie kesi. Lincoln itahamia Mweiga. Na ndani ya msitu wa Aberdare hatuingii kuficha kitu, tunakaa ukingoni, kwenye njia za watu.

Nimeanza na Mweiga kwa sababu ndiko ninakojua mtu. Mzee mmoja amekubali kopo likae kwenye ua wake wa miti, karibu na barabara, sharti lake ni moja tu: watu wasimtishe ng'ombe. Kadi ya ndani nimeshaiandika, kwa Kiswahili juu na Kikuyu chini, Kiingereza kitakuja kikipata nafasi. Inasema ndege ni Avro Lincoln, injini nne za Merlin, mabomu ya ratili 500 na 1,000, vita vya 1952 hadi 1960, Kenya. Nimeandika vita. Chini yake nimeweka vile shosho alisema kuhusu vyungu. Jina lake amekataa niweke.

Nikishaipata nafasi kwenye programu, binamu atachapisha nakala ya kadi hiyo hiyo na kumwandikia aliyetengeneza ule mzunguko wa Lincolnshire, kwa heshima, amwombe aongeze mistari miwili kwenye maelezo ya Lincoln. Akikubali poa. Akikataa tutajua.

Natafuta mtu Maktau, mtu Malindi na mtu Wajir. Wa Wajir, nakuomba, kaa mbali na uwanja wa ndege, usipige picha hapo, niletee tu mzee wa kuongea naye aliyehadithiwa na wazazi wake 1940. Wa Malindi leta kopo lisiloshika kutu, chumvi ya bahari itakula hilo lingine ndani ya mwezi.